Pumzi ya Kuitikia Salamu

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyuma hatua mia mbili nikamsalimie muuza mahamri.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kazi yenyewe ilikuwa kuvuta mkokoteni wa maji kutoka kisima cha pampu cha Mtopanga hadi majumbani mwa watu, na kila asubuhi hadi zahanati moja ya wazazi upande wa Mjambere. Leo nina thelathini na mbili na nimestaafu. Najua mtacheka. Lakini magoti ya mvuta mkokoteni hayahesabu miaka kama kalenda inavyohesabu, na vijana wanaoanza kazi hii walishaanza kuniamkia shikamoo. Basi nisikilizeni kama mzee, mnivumilie kama kijana, kwa sababu maneno haya nimeyaandika na kuyafuta mara nyingi na bado naogopa kuna mahali nimekosea.

Mkokoteni wetu ulikuwa wa mbao, wenye ekseli ya gari kuukuu na magurudumu mawili. Ulibeba madumu ishirini ya lita ishirini kila moja. Mtu mmoja husimama mbele, katikati ya mipini miwili, akavuta; mwingine huinama nyuma, mabega yakigusa madumu, akasukuma. Aliyeshika mpini ndiye mwenye mwendo. Yeye huamua kasi, yeye huona shimo kabla ya gurudumu kuliona, na wa nyuma humfuata kwa imani tu, maana mbele haoni kitu ila plastiki ya manjano.

Mkubwa wetu tulimwita Nahodha. Jina lake silitaji kwa kuwa hapendi kuandikwa. Alikuwa mtu mwembamba wa Kaloleni, umri wake umeshapita hamsini, miguu kama ya korongo. Alikuja Kisauni kutafuta kibarua cha wiki moja akakaa karibu miaka thelathini.

Asubuhi hiyo alinipa mpini kunipima. Nikaondoka mbio. Nilitaka aone nguvu zangu, na kweli hatua za mwanzo ule mzigo niliuona mwepesi. Tulipofika kwenye mwinuko wa mchanga, Bi Rukia, aliyekaanga mahamri pembeni mwa njia, akatuita, "Mwaamkaje, wanangu?"

Nikatikisa kichwa, nikapita.

"Simamisha," Nahodha akasema kutoka nyuma. Akaweka jiwe chini ya gurudumu, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Umesalimiwa."

"Nimeitikia, mzee. Kwa kichwa."

"Kichwa ni cha kuvalia kofia. Salamu huitikiwa kwa mdomo. Rudi."

"Mzee, maji yanangojwa."

"Maji hayaozi. Rudi."

Nikarudi. Bi Rukia alikuwa amejishika kiuno. "Haya, mwanangu, waamkaje?" Nilifungua mdomo niseme "Sijambo, shikamoo," kikatoka "Sija—" na kikohozi. Akanipa kikombe cha maji na kumpigia Nahodha kelele, "Huyu umemtoa wapi? Wallahi atakufa kabla ya chai!"

Nilipofika kwenye mkokoteni, Nahodha alikuwa ameshasimama katikati ya mipini. Akaniambia sentensi ambayo baadaye niliisikia mara nyingi kuliko jina langu: "Asiyeweza kusalimia hashiki mpini." Akanionyesha nyuma kwa kidevu.

Mimi ni mtu ambaye tangu shule nilikuwa nikirarua ukurasa mzima nikikosea herufi moja. Kuanzia asubuhi hiyo sikutaka kitu kingine duniani ila ule mpini.

Nyuma nilimkuta Wafula, kijana wa kutoka bara, mnene wa mabega, aliyekuwa akipokezana nami kusukuma. Yeye sheria ya salamu ilimchekesha. "Nyinyi watu wa Pwani bana," alikuwa akisema, "mtasalimiana hadi kisima kikauke." Mimi nami niliamini ni adabu tu, na kwamba Nahodha alikuwa mzee wa zamani anayependa adabu kuliko kazi.

Na hakika njia ile ilikuwa na salamu. Kulikuwa na fundi cherehani, mzee wa duka la mafuta ya taa, akina mama wa foleni ya unga, na mwalimu mmoja ambaye hakuridhika na "hujambo" bali aliuliza nyumbani, kazini, wazee wa Kaloleni, na mvua. Nahodha aliwaitikia wote kwa sentensi kamili huku akivuta. "Hatujambo, twashukuru. Nyumbani wazima. Mvua bado, lakini twaomba." Sauti yake ilikuwa ileile mwanzo wa mwinuko na mwisho wake. Na kabla ya mwinuko, kutoka pampu hadi ukuta wa msikiti, alikuwa anatembea polepole mno hata nikawa nauma meno. "Twaamsha damu," alisema. Sikujua alikuwa anasema nini. Nadhani hata yeye, kwa maneno ya vitabuni, hakujua.

Sasa niwaeleze kitabu.

Shule niliachia kidato cha pili. Siku moja Bi Rukia alinifungia mahamri kwa karatasi yenye mchoro wa kitu kama ndala iliyokatwa katikati, na chini yake neno "mitokondria". Nilikula mahamri, nikasoma mafuta yalipoacha nafasi. Ilikuwa imeandikwa kwamba hapo, ndani ya kila seli ya mwili, ndipo nishati inapotengenezwa. Mimi niliyetumia nishati siku nzima nikawa sijui hata inatoka wapi! Nilirudi mbio nikamwomba karatasi zilizobaki. Kilikuwa kitabu cha biolojia cha shule, kisicho na jalada, na yeye alikuwa akikichana kuanzia nyuma kwenda mbele. Akanipa bila maswali. "Chukua, lakini nitafutie gazeti."

Nilikisoma kile kitabu kama barua ya jamaa. Kiliniambia hivi. Misuli haili ugali. Misuli hutumia kitu kidogo kiitwacho ATP, ambacho kikivunjwa hutoa nguvu ya msuli kujikunja. Akiba yake mwilini ni ya sekunde chache tu, kwa hiyo lazima kitengenezwe tena na tena, hapohapo, unapovuta. Namna bora ya kukitengeneza ni kwa hewa, nayo huitwa njia ya aerobiki. Unavuta pumzi, oksijeni inapita mapafuni na kuingia katika damu, himoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake, inaibeba, moyo unaisukuma mpaka kwenye mishipa myembamba kuliko unywele iliyozunguka misuli. Ndani ya mitokondria oksijeni hukutana na mabaki ya chakula, sukari iliyotokana na mihogo na mahamri, au mafuta ya mwilini, na huko chakula huunguzwa polepole, hatua kwa hatua, bila moto. Inapatikana ATP nyingi, maji, joto, na hewa ya ukaa ambayo tunaitoa puani. Mfano wangu ni jiko la makaa lenye mlango wazi. Nimeutafakari sana mfano huu na najua una kasoro, kwa sababu jiko halina hatua, na seli haina majivu. Lakini sina mwingine.

Kulikuwa na njia ya pili, isiyongoja oksijeni. Hiyo huivunja sukari nusunusu, haraka sana, na kutoa ATP kidogo tu. Kitabu kilikuwa kinaanza kueleza ni lini mwili unaitegemea hiyo zaidi, na ukurasa ukaishia hapo. Zilizofuata zilikuwa zimeshafungia mahamri. Yawezekana kabisa niliyala mwenyewe mahamri yaliyofungiwa ukurasa niliouhitaji.

Mtu mwenye busara angeuliza. Mimi nilijaza pengo kwa akili yangu. Niliwaza hivi: nguvu ni oksijeni, oksijeni huja kwa pumzi, maneno hutoka na pumzi, kwa hiyo kila salamu ni oksijeni iliyotupwa njiani. Nilihesabu salamu za njia ile, zikapita arobaini. Nilimwonea Nahodha huruma. Masikini, niliwaza, angekuwa tajiri wa nguvu kama angenyamaza.

Nafasi ilikuja mwaka wangu wa pili. Nahodha alifiwa na dada yake, akaenda Kaloleni kwa matanga. Kabla ya kuondoka alinishikisha mpini. Mimi, si Wafula. "Wiki mbili," alisema. "Zahanati ipate maji kabla ya saa mbili. Mfereji wao umekauka na mama wanajifungua. Nikirudi nikute umeweza, mpini tutapokezana mimi na wewe. Wajua sheria."

"Najua, mzee."

Niliijua na siku ya kwanza niliivunja. Nilimweleza Wafula habari ya oksijeni kwa dakika nyingi, na mchoro wa ndala nikamwonyesha. Akaniangalia. "Kwa hivyo hatuongei kabisa?"

"Hata kidogo. Na hatutembei polepole mpaka msikitini. Tunaondoka na kasi."

"Wewe ndiye boss," Wafula akasema. Alikuwa na imani ya mtu wa nyuma.

Tulipita Mtopanga kimya, vichwa chini. Bi Rukia aliita, hatukuitika. Mwalimu alifika mpaka "habari za wazee wa" na sisi tukawa tumeshapita. Tulifika zahanati mapema kuliko Nahodha alivyowahi kufika, na nikaandika muda kwenye kiganja. Siku ya pili tukapunguza dakika mbili. Siku ya tatu moja. Usiku miguu iliniuma nikajisifu kwamba ndiyo dalili ya kazi nzuri.

Siku ya nne, njia inapopanda hatua chache kabla ya lango la zahanati, mkokoteni ukawa mzito ghafla. Nilivuta. Ukazidi kuwa mzito, kisha ukaanza kunirudisha nyuma. Nilipogeuka sikumwona Wafula. Nilijitupa pembeni, mkokoteni ukateremka kinyumenyume ukagonga ukuta, na madumu saba yakapasuka. Wafula alikuwa amekaa mchangani, kando, miguu ameinyoosha. Kwa neema ya Mungu alianguka pembeni na si nyuma ya gurudumu. Midomo ilikuwa na rangi ya jivu, na alikuwa anatapika chai.

Sista msimamizi wa zahanati alitoka kwa kishindo cha ukuta. Alichutama, akamshika Wafula kifundo cha mkono, akatazama saa yake. "Jina lako nani?"

Wafula akafungua mdomo, pasitoke kitu.

"Anaitwa—" nikaanza.

"Sikukuuliza wewe. Nataka aseme yeye."

Tukangoja. Sijawahi kungoja kitu kama hicho. Maji yalikuwa yanapita chini ya magoti yangu na kunywewa na mchanga. Kifua cha Wafula kilipanda na kushuka, kikapanda na kushuka, mpaka kikapunguza.

"Wafula," akasema.

"Wafula nani?"

"Wafula aliyeambiwa asiongee."

Sista akaniangalia. Hapo nilimweleza yote, salamu, oksijeni, hesabu ya arobaini. Nilidhani atacheka, na nadhani angecheka kama Wafula asingekuwa pale. Alimlaza kivulini kwanza, akampa maji kidogokidogo. Kisha akaniambia, "Kijana, hewa unayosemea ni ile inayotoka. Ilikuwa inaondoka hata ungenyamaza."

Naandika sentensi hii leo na masikio bado yananichoma.

Alichukua boksi tupu la glavu, akalipasua, akanichorea upande wa ndani wa boksi ule ukurasa uliopotea. Unapoanza kazi, moyo na mapafu huchelewa kidogo kuamka; kwa dakika chache za kwanza mwili hujazia pengo kwa akiba yake na kwa ile njia isiyongoja oksijeni. Ndiyo maana mwanzo wangu wa mbio ulikuwa mwepesi, na ndiyo maana ulinidanganya. Ukianza polepole, kama Nahodha hadi ukuta wa msikiti, oksijeni huwahi kufika, na baada ya hapo inayoletwa hutosha inayohitajika. Mtu anaweza kwenda hivyo saa nyingi. Lakini kila mwili una kikomo. Ukikipita, njia ya pili inazidi, asidi inaongezeka katika damu, na kifua kinahema kwa nguvu kutoa hewa ya ukaa. "Na kikomo utakijuaje barabarani bila mashine?" Sista akauliza, kisha akajijibu. "Mwambie mtu aongee. Akimaliza sentensi bila kukatika, yuko ndani ya kikomo. Akianza kukatakata maneno, punguza mwendo. Akishindwa kusema jina lake, umechelewa."

Nilikaa pale na boksi la glavu mkononi nikazikumbuka salamu arobaini. Sikuona tena adabu. Niliona vipimo arobaini, vimepangwa njia nzima kutoka Mtopanga hadi Mjambere, na vinafanywa na watu wasiojua kwamba wanampima mtu. Vingi zaidi vilikuwa kwenye mwinuko.

Wafula alipumzika siku tatu. Nilimtafuta mtu wa kunisaidia, tukaondoka pampu robo saa mapema, tukatembea polepole mpaka msikitini, tukawasalimia wote. Bi Rukia siku ya kwanza alininunia. Maji yalifika kabla ya saa mbili kila siku. Niliapa kumwambia Nahodha mwenyewe, kwa maneno niliyoyapanga, lakini aliporudi alikuwa ameshapita njiani na kusikia yote.

"Nimeambiwa mkokoteni wangu ulipita hapa kimya kama unabeba maiti," alisema.

Nikamweleza, na seli, na mitokondria, na kikomo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hizo seli sizijui," akasema. "Mimi nilivuta na mtu aliyenyamaza. Alinyamaza mwinuko mzima, nikadhani amenikasirikia." Akatazama mipini. "Kumbe pumzi imemwishia."

Akaingia katikati ya mipini. "Rudi nyuma."

"Mpaka lini, Nahodha?"

"Mpaka nisahau."

Kwa mtu mwingine hii ingekuwa adhabu ndogo. Kwangu ilikuwa ukurasa ulioraruliwa. Nilivumilia wiki mbili, kisha nikaondoka bila kuaga, nikaenda Miritini kupakua malori.

Kule mkubwa wetu aliitwa Msimamizi. Alikuwa mtu wa filimbi na kofia ya plastiki. Kazi ilikuwa kubeba gunia la saruji kutoka lori hadi stoo, hatua kama ishirini za mbio, ukarudi mikono mitupu. Ni kazi ya mlipuko mfupi: kwa sekunde hizo chache misuli hutumia ile akiba iliyo tayari, na unaporudi bila mzigo ndipo njia ya hewa inapoijaza akiba upya. Ni kazi halali, na wako watu wenye mwili wake. Siku ya kwanza nilimwamkia kila niliyepanga naye mstari. Msimamizi akapiga filimbi. "Wewe wa Kisauni! Hapa hatubebi shikamoo, tunabeba saruji!"

Nilikaa miezi minane. Nilibeba vizuri. Jioni nilikuwa nakaa nikijiuliza ni nani anayemwitikia Bi Rukia.

Asubuhi moja nikaona mstari mzima umesimama. Nahodha alikuwa ameingia uani, amevaa shati lake la kanisani, na alikuwa anamsalimia kila mpakuzi, mmoja mmoja, nyumbani, kazini, na wazee. Watu wenye magunia mabegani walikuwa wamesimama wanaitikia. Msimamizi alisahau hata filimbi.

"Mzee, unatafuta nani?"

"Natafuta mtu wa kusukuma," Nahodha akajibu.

Nikaweka gunia chini. "Shikamoo, Nahodha. Umesahau?"

"Marahaba. Sijasahau. Nimechoka kukumbuka."

Nilirudi naye siku hiyohiyo. Nyuma, si mbele. Na nitawaambia ukweli wangu: miaka minne iliyofuata, nikisukuma nyuma na kuitikia salamu za watu nisiowaona, ndiyo miaka niliyojifunza kazi. Wafula alipata kazi ya ulinzi, akawa anapita kutusalimu kwa makusudi kwenye mwinuko. "Mwalimu wa oksijeni! Habari ya nyumbani? Ya kazi? Ya mitokondria?" Ilikuwa lazima nimjibu kila moja, na yeye alikuwa anasikiliza kama daktari, akinitazama kifua.

Mwili ulibadilika. Sista aliniazima vitabu vyake vya uuguzi, nikasoma kwamba ukifanya kazi ndani ya kikomo kila siku, moyo hujaza damu zaidi kwa kila pigo, mishipa midogo huongezeka misulini, mitokondria nazo huongezeka, na kikomo chenyewe husogea juu. Mwinuko ulionitoa kikohozi siku ya kwanza nikawa naupanda nikieleza habari za mvua. Jioni moja nilimwomba Nahodha nihesabu mapigo yake akiwa amekaa. Nikapata arobaini na nane. Nilihesabu tena. Nilimkimbilia Sista nikimwambia mzee anazimika. Akaja amebeba kifaa cha presha, akampima, akacheka mpaka akajishika ukutani. "Huu ni moyo wa mtu aliyevuta maji miaka thelathini," alisema. "Ukisukuma mara moja, inatosha." Nahodha aliniuliza kwa wiki nzima kama bado yu hai.

Hapa niungame jambo jingine, maana niliwafundisha vijana kadhaa kimakosa. Niliwaambia maumivu ya kesho yake ni asidi iliyolala misulini. Siyo. Asidi hiyo huondoka muda mfupi baada ya kupumzika. Maumivu ya kesho ni misuli iliyochanika kidogokidogo ikijitengeneza. Niliwaambia pia idadi ya ATP inayotoka kwa chembe moja ya sukari ni thelathini na nane, kama kitabu cha Bi Rukia kilivyosema. Vitabu vipya vinasema ni karibu thelathini. Nilipogundua nilimtafuta kila niliyemwambia. Mmoja alikuwa Likoni, nikavuka feri kwenda kumrekebisha. Akaniuliza kama nimekuja kwa hilo tu.

Mpini niliupata siku ya Jumanne.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, joto la Machi. Nilikuwa nyuma na Nahodha mbele. Tulitembea polepole hadi ukuta wa msikiti, tukaanza mwinuko. Nikasikia sauti ya Bi Rukia, "Mwaamkaje, wanangu?" Nikaitikia, "Salama, shikamoo." Nikangoja sauti ya mbele.

Haikuja.

Niliinua kichwa juu ya madumu. Nahodha alikuwa ameitikia kwa kichwa.

Nilifikiri labda Bi Rukia hakuona. Nilifikiri labda nami sikuona. Mwendo haukuwa umebadilika hata kidogo. Ilikuwa kasi ileile ya miaka yote, ila mwili wake ndio uliokuwa umeshuka chini yake. Kikomo husogea juu kwa kazi, na kwa umri hurudi chini. Nilikuwa nimelisoma hilo. Ningeweza kunyamaza. Nilitaka kunyamaza. Lakini mkokoteni ulikuwa umeshasimama.

Nahodha aliuweka chini mwenyewe. Akasubiri mpaka nilipoweka jiwe. Akapumua, akapumua tena, mpaka sauti ikapatikana. Kisha akarudi zile hatua, mtu wa miaka sitini na kitu, mpaka kwenye karai la mahamri.

"Sijambo, Bi Rukia," akasema. "Niwie radhi. Nimekupita."

Bi Rukia hakucheka safari hii. Alijifuta mikono kwa kanga yake muda mrefu. "Hujanipita, ndugu yangu. Kaa unywe chai."

Akakaa. Aliniangalia nikiwa nimesimama bado nyuma ya madumu, akanionyesha mbele kwa kidevu, vilevile alivyonionyesha nyuma siku ya kwanza. Niliutaka mpini ule miaka mingi kwa roho yangu yote. Nilipoushika nilikuta mbao zina joto la mikono yake, na nilipanda mwinuko nikiwaitikia watu kwa sauti niliyolazimika kuiangalia isikatike, na si kwa sababu ya mzigo.

Nilivuta miaka mitano mbele. Kisha zahanati ikachimba kisima chake, tuktuk zikaanza kupeleka maji nyumba nyingi, na goti langu la kulia likakataa ngazi. Nilimkabidhi mkokoteni kijana wa Mjambere. Nilimrudisha hatua mia mbili siku yake ya kwanza, na alinichukia kama inavyostahili.

Siku hizi Sista amenipa kazi nyingine, isiyo na cheo. Watu wa presha na sukari wa zahanati huja asubuhi mara tatu kwa wiki nikawatembeze, kutoka lango hadi ukuta wa msikiti na kurudi. Nina saa, nina daftari la mapigo, nina mistari niliyoipiga kwa rula. Nahodha huja. Hutembea wa mwisho kabisa, kwa fimbo, na huzungumza njia nzima bila kukatika.

Juzi nilikuwa nimeinama juu ya daftari, nikitembea, nikihofia kwamba nimehesabu pigo moja zaidi kwa mama mmoja. Mtu akasema kitu pembeni mwa njia. Nikatikisa kichwa, nikaendelea na hesabu.

"Simama," ikasema sauti ya nyuma.

Kundi zima likasimama. Nahodha alikuwa ameegemea fimbo yake, na nyuma yake, mbali kidogo, Bi Rukia alikuwa amejishika kiuno.

"Umesalimiwa," akasema.

Nikafunga daftari, nikarudi.